Mizani Inapokataa Kushuka: Kipumuo Hicho, Si Kikomo

Katika vyumba vya walimu, na hata katika ofisi za wahadhiri wa vyuo vikuu, kuna kauli moja inayosikika sana tangu watu wazinduke na kuanza kujali uzito wa miili yao. Mtu amejinyima chapati na soda, ameamka alfajiri akatembea kabla ya matatu ya kwanza kupita, ameandika katika kijitabu kila alichokitia kinywani, na kwa muda wa miezi kadhaa mizani imemtii. Kisha mizani inasimama. Wiki moja inapita, wiki mbili, mwezi mzima, na mshale hausogei. Hapo ndipo mtu huyo huwaambia wenzake kwa sauti ya kukata tamaa: "Mwili umegoma."

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mwenye kazi hiyo huzoea kuuliza neno limebeba nini kabla ya kulikubali. Walimu wa nchi hii wanaijua migomo kuliko watu wengi. Mgomo una pande mbili zinazozozana, una madai, una mwajiri aliyekaidi, na aghalabu huisha kwa upande mmoja kusalimu amri. Anayesema kwamba mwili wake umegoma hujiweka katika nafasi ya mwajiri aliyeasiwa, na dawa anazoziona ni mbili tu: ama auadhibu mwili kwa kuunyima chakula zaidi, ama asalimu amri na kurejea alikotoka. Maoni yangu ni kwamba jina hilo halifai, na kwamba wengi wamepoteza siha waliyokwisha kuipata kwa sababu ya kuliamini. Kusimama kwa uzito si uasi wa mwili wala si udhaifu wa tabia. Ni hesabu iliyofika mahali ambapo kinachoingia na kinachotumika vimelingana, na hesabu haihitaji kulaaniwa bali kupigwa upya.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya anasa ya wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi. Uchunguzi kama huo ulipofanywa tena mwaka 2022, kiwango hicho kilikuwa kimefika asilimia 45. Kwa wanaume kilikuwa asilimia 19. Uzito huo hufuatana na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Naye mwalimu, ambaye hushinda ameketi akisahihisha madaftari na kuzungukwa na chai ya saa nne yenye sukari na mandazi, yumo katika hesabu hiyo.

Tuanze na mwanzo wenyewe wa safari, kwa maana ndio unaowahadaa wengi. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu anapopunguza chakula, akiba hiyo hutumika kwanza, na maji yake hutoka. Ndiyo sababu katika wiki ya kwanza au ya pili mizani huweza kushuka kilo 2 au 3 kwa ghafla. Mtu hushangilia akidhani ameyeyusha mafuta ya kilo zote hizo, kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji. Kasi inapopungua baadaye huona kama ameanza kushindwa, ilhali hapo ndipo mafuta yenyewe yanapotoka kwa mwendo wake wa kweli.

Sasa tuitazame kalori. Neno hili limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya joto, na kwa hakika kalori ni kipimo cha joto. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Marekani Wilbur Atwater aliwaweka watu ndani ya chumba maalumu katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimboni Connecticut, akapima chakula walichokula na joto lililotoka miilini mwao. Kutokana na kazi yake tulirithi hesabu ambayo hadi leo huchapishwa kwenye pakiti za vyakula: gramu ya wanga au ya protini hutoa takriban kalori 4, na gramu ya mafuta hutoa 9.

Baadaye, mwaka 1958, daktari mmoja aitwaye Max Wishnofsky aliandika kwamba kila ratili ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500. Kwa kilo moja ni kama kalori 7,700. Kanuni hiyo ilienea vitabuni na magazetini kama moto wa nyika, kwa kuwa ni nyepesi kukumbuka. Lakini tuijaribu kama tunavyojaribu kanuni yoyote ya sarufi, yaani kwa mifano. Tuchukue mwalimu wa kubuni mwenye kilo 90, ambaye mwili wake hutumia kalori 2,200 kwa siku. Anaamua kula kalori 1,800 tu, na kwa hiyo anabakisha pengo la kalori 400. Kwa kanuni ya 1958, mwalimu huyu atapoteza kilo 19 katika mwaka mmoja. Katika miaka mitatu atakuwa amepoteza kilo 57, abaki na 33. Kabla ya mwaka wa tano kwisha atakuwa ametoweka duniani pasipo kuzikwa! Kanuni inayompeleka mtu mahali kama hapo ina kasoro, na kasoro yake ni kudhani kwamba mwili wa kilo 90 na mwili wa kilo 80 hutumia chakula sawasawa.

Mwili si pipa linalotobolewa likavuja kwa kasi ileile hadi tone la mwisho. Unafanana zaidi na nyumba ambayo mshahara wake umepunguzwa. Mama mwenye nyumba hatangazi mgomo. Hupanga upya matumizi: taa huzimwa mapema, nyama huliwa Jumapili tu, na safari zisizo za lazima huahirishwa. Baada ya miezi kadhaa matumizi yamelingana na mapato, na nyumba imesimama. Mwili nao hufanya hivyohivyo. Kwanza, mwili mwepesi hugharimu kidogo kuuendesha na kuutembeza, na mwendo uleule wa saa moja uliounguza kalori nyingi ulipokuwa na kilo 90 huunguza chache ukiwa na kilo 80. Pili, mwili hubana matumizi hata kupita kile ambacho wepesi huo pekee ungeeleza.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri, wakakubali kwa hiari yao kulishwa chakula kidogo kwa wiki 24 ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wenye njaa baada ya vita. Kila wiki walitembea kilomita 35. Walipoteza takriban robo ya uzito wao, lakini upungufu huo haukwenda kwa kasi moja: ulikuwa mkubwa mwanzoni, kisha ukapungua na kupungua. Nguvu ambazo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika zilishuka kwa kiasi cha asilimia 40. Isitoshe, fikra zao zilitekwa na chakula. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi, na mazungumzo yao yote yakawa ya milo. Hawakuwa watu dhaifu wa nia. Walikuwa vijana wenye afya waliochaguliwa kwa uangalifu, na miili yao ilifanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya.

Katika miaka ya karibuni, mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani wameipiga hesabu hii upya. Mwaka 2011 walieleza kwamba kwa mtu mzima, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, na zikaendelea kupunguzwa, humwondolea hatimaye kilo 1 hivi. Nusu ya mabadiliko hayo hutokea katika takriban mwaka mmoja, na karibu yote katika miaka mitatu. Basi mwalimu wetu wa kalori 400 atapoteza kilo 17 hivi kwa jumla, na katika mwaka wa kwanza 8 tu. Asiyeijua hesabu hii akapewa ahadi ya kilo 19 atajiona ameshindwa mwishoni mwa mwaka, ilhali amefaulu barabara.

Msomaji makini atauliza: ikiwa hesabu mpya yenyewe inasema mwili huendelea kupungua hadi mwaka wa tatu, mbona watu wengi husimama kati ya mwezi wa 6 na wa 12? Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na jibu lake liko katika hamu ya kula. Mwaka 2016 Hall na wenzake walichunguza takwimu za wagonjwa waliopewa dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, hivi kwamba walipoteza kalori pasipo kujua. Waligundua kwamba kwa kila kilo 1 iliyopotea, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya chakula hupanda kwa takriban kalori 100 kwa siku. Ukipoteza kilo 8, basi, kuna sauti ndani yako inayodai kalori 800 zaidi kila siku. Sauti hiyo haipigi kelele. Huongeza kijiko cha mafuta katika sufuria, hukata kipande cha ugali kuwa kikubwa kidogo, humega mkate wa mtoto uliobaki mezani. Mtu huamini kwamba anakula vilevile alivyokula mwezi wa kwanza, na haamini hivyo kwa unafiki.

Jambo hilo lilithibitishwa New York katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992. Watu 10 walidai kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Watafiti wakapima kwa njia zisizotegemea maneno ya mtu. Miili yao ilikuwa ikitumia chakula kama kawaida. Ila walikuwa wakihesabu pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi yao walikuwa wakiyakadiria zaidi ya ukweli kwa asilimia 51. Kwa maneno mengine, walikula karibu mara mbili ya walichoandika. Nasisitiza kwamba hili si suala la uongo. Kila mwalimu anajua kwamba mwanafunzi huweza kuisoma insha yake mara tano asione kosa ambalo mtu mwingine huliona mara moja. Jicho huona lilichokusudia kuandika. Ndivyo tunavyosoma sahani zetu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi hatua ya kwanza kwa aliyesimama ni kulirudia daftari, kwa wiki mbili tu, kwa ukali ule wa mwanzo. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, kwa kuwa kijiko kimoja cha mezani kina zaidi ya kalori 120 na mkono uliozoea kumimina hauhesabu. Sukari ihesabiwe: vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo, ni karibu kalori 200, yaani nusu ya pengo lote la mwalimu wetu. Kuonja mboga wakati wa kupika nako ni kula. Na kwa anayelalamika kwamba vitabu vya kalori vimejaa vyakula vya kigeni, serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walichapisha mwaka 2018 majedwali ya viinilishe vya vyakula vya hapa kwetu, na humo vimo vyakula tunavyovijua. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hujaa hata pale tusipotaka kijae.

Wengi waliosimama hukimbilia kuongeza mazoezi. Hapa napo pana jambo la kushangaza, na ushahidi wake umetoka karibu nasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ambao huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Watu hao hutembea mno kila siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizotumia kwa siku nzima hazikutofautiana na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Yaelekea kwamba mwili unaofanyishwa kazi nyingi hubana matumizi yake kwingineko. Zaidi ya hayo, aliyekimbia asubuhi aghalabu huketi zaidi jioni, na hujitunuku andazi alilodhani amelilipia.

Je, mazoezi hayana maana? La hasha! Huimarisha moyo, hupunguza shinikizo la damu, huusaidia mwili kuidhibiti sukari, na huwasaidia sana waliokwisha kupungua wasirudi walikokuwa. Ila yasihesabiwe kama kikokotoo cha kufutia chakula. Na kwa aliyesimama, aina ya mazoezi ina uzito kuliko wingi wake. Anayetembea tu aongeze mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma kutoka sakafuni, kuinua mtungi wa maji. Anayepungua bila kuitumia misuli yake hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Lipo pia suala la mizani yenyewe. Mizani haipimi mafuta. Hupima kila kilichosimama juu yake, yakiwemo maji, chakula kilichomo tumboni na hata nguo. Aliyeanza mazoezi mapya huhifadhi maji katika misuli inayojirekebisha. Mwanamke huweza kuongezeka kilo moja au zaidi karibu na siku zake. Chakula chenye chumvi nyingi nacho huzuia maji. Hata wale vijana wa Minnesota walivimba kwa maji, na uvimbe huo ukaficha kiasi cha nyama na mafuta waliyopoteza. Kwa hiyo, asiseme mtu amesimama kwa sababu ya wiki moja. Ajipime asubuhi siku kadhaa, atafute wastani wa wiki, aulinganishe na wastani wa wiki zilizotangulia kwa muda usiopungua mwezi mmoja, na apime kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Kiuno kikipungua ilhali mizani imetulia, hakuna kilichosimama.

Sasa niruhusiwe kurudi nyumbani kwangu, katika lugha. Kiswahili kinampongeza mtu kwa kunawiri, na kunawiri mara nyingi ni kujaa mwili. Lakini tazama vitenzi vya upande wa pili: kukonda, kudhoofu, kugofuka, kusinyaa. Karibu vyote vina harufu ya ugonjwa au ufukara. Hata "kupungua", neno lisilo na hatia, likitamkwa na shangazi huandamana na swali: "Umepungua hivi, una nini?" Historia nayo imeongeza chumvi katika kidonda. Ukimwi ulipozuka katika miaka ya 1980, watu wa Uganda waliuita "slim", yaani wembamba, na kwa miaka mingi katika eneo letu mtu hakuweza kukonda bila kunong'onwa. Basi mwalimu aliyepoteza kilo 8 kwa jasho lake akienda nyumbani Desemba hukutana na jamaa wanaomhurumia, na huruma yao huja kwa sahani iliyorundikwa pilau. Hamu iliyokwisha kupanda ndani inapata msaada kutoka nje. Hatuwezi kuwalaumu jamaa, kwa sababu lugha waliyopewa haina neno la kumsifu aliyepungua kwa heri. Tunaweza, hata hivyo, kuanza kusema wenyewe mapema: "Daktari amenishauri nipunguze uzito, na ninaendelea vizuri." Sentensi hiyo fupi huzuia sahani nyingi.

Katika masomo ya uakifishaji tunawafundisha wanafunzi kwamba koma huitwa pia kipumuo, na nukta huitwa kikomo. Kipumuo humpa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kuendelea, nacho kikomo hufunga sentensi. Kusimama kwa uzito ni kipumuo ambacho wengi hukisoma kama kikomo. Na kosa hilo la usomaji lina gharama, kwa sababu anayeacha haachi tu kuendelea mbele, bali hurudisha alichokwisha kukipata. Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Kundi moja lilipewa shabaha ya kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo, visa vipya vya kisukari vilipungua kwa asilimia 58 vikilinganishwa na vya waliopewa dawa bandia. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Mwalimu aliyepoteza kilo 8 akasimama, akakata tamaa, akarudi kwenye 90, ameitupa kinga iliyokuwa tayari mikononi mwake kwa kuwa hakupata ya pili.

Hata dawa mpya haziwezi kuliondoa pumziko hili. Dawa ya semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, huituliza hamu ya kula, na katika utafiti wake mkubwa waliodungwa walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi katika wiki 68. Lakini nao, wakiendelea kudungwa, uzito wao hufika mahali ukatulia. Ikiwa hata sindano haiwezi kuushusha uzito bila kikomo, nani atamlaumu mwalimu mwenye daftari na viatu vya kutembelea?

Afanye nini, basi, aliyesimama? Kwanza, ahakikishe kwa mwezi mmoja kwamba kweli amesimama. Pili, alirudie daftari kwa uaminifu. Tatu, apige hesabu upya kwa uzito alio nao sasa, kwa kuwa kiasi kilichompunguza akiwa na kilo 90 huenda ndicho kinachomdumisha akiwa na 80. Nne, apunguze kidogo tu, kama kalori 100 au 200, hasa katika mafuta na sukari, na aongeze vyakula vinavyoshibisha: maharagwe, ndengu, mayai, omena, maziwa lala, sukuma wiki na kunde. Tano, alale. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago walionyesha kuwa watu waliolala saa 5 na nusu badala ya 8 na nusu, kwa chakula kilekile, walipungua uzito uleule, lakini mafuta yaliyopotea yalikuwa chini ya nusu, na misuli iliyopotea ikawa nyingi zaidi. Anayesahihisha mitihani hadi usiku wa manane azingatie hilo. Sita, akiwa amechoka mno, ajipe wiki mbili za kula kiasi cha kudumisha uzito, si kupungua wala kuongezeka, kisha aendelee.

Yapo pia ya kuepukwa. Kushusha chakula hadi kiasi cha njaa humwongezea mtu hamu na kumwibia misuli. Majani ya chai yanayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha tumbo mara nyingi huwa na dawa za kuharisha, na kinachotoka ni maji. Wanafunzi walio chini ya miaka 18, wajawazito, na wenye kisukari wanaotumia insulini wasijaribu hesabu hizi bila daktari. Kwa binti wa shule anayeanza kujinyima chakula ili afanane na picha za magazetini, daftari la kalori linaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa mwingine, na mwalimu anayeliona dalili hiyo ana wajibu wa kusema naye kwa upole mapema.

Na ikiwa baada ya yote hayo uzito utabaki pale pale? Huenda hapo ndipo mtu anapoweza kuishi bila kuteseka, na kukaa hapo kwa miaka kumi ni ushindi mkubwa kuliko kushuka kilo 5 zaidi kwa miezi mitatu na kuzirudisha zote. Bandu bandu huisha gogo, lakini mpasuaji naye hupumzika, akanoa shoka. Akishika tena mpini, gogo huwa lingali pale alipoliacha, nalo ni fupi kuliko lilivyokuwa alipoanza.